Kazi Imekwisha, Pesa Iko Wapi?

Somo kwa vikundi: jinsi ya kulipwa kwa wakati



Tukitembelea vikundi vya Kisii na Nyamira, kutoka Tabaka hadi Keroka, kutoka Suneka hadi Nyansiongo, tunasikia lalamiko moja. Watu hawalalamiki kwamba kazi hakuna. Kazi iko. Fundi anaitwa, kikundi kinapewa oda, sweta zinafumwa, mawe yanachongwa, hema inasimamishwa. Kisha kazi ikiisha, maneno yanabadilika. "Kujeni wiki ijayo." "Ngoja kwanza mwisho wa mwezi." "Kwani mnafikiri nitawatorokea?" Na fundi anazunguka barabarani akitafuta jasho lake mwenyewe kama mtu anayeomba msaada.

Somo la leo ni hilo. Someni pamoja katika kikundi, polepole, na mwenye kalamu aandike.

SISI WENYEWE TULIUMWA

Tunaoandika ukurasa huu hatukujifunza haya darasani. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika kikundi cha kufuma sweta kwa mashine za mkono. Mwalimu mkuu wa shule moja, ambayo hatutaitaja, alituita akatupa oda ya sweta za wanafunzi wapya. Tulifurahi sana. Hatukuuliza lolote. Mtu mkubwa kama huyo utamwambia aandike? Ilikuwa ni mdomo tu: "Nyinyi fumeni, pesa iko."

Tulikopa pesa ya uzi katika sanduku la kikundi. Tukafuma usiku na mchana, tukapeleka mzigo siku tuliyoahidi. Tulipoenda kudai, tukaambiwa pesa ya serikali haijafika. Muhula ukaisha. Muhula wa pili, mwalimu mkuu akahamishwa. Yule mpya alitupokea vizuri, akatupa chai, akatuuliza: "Karatasi yenu iko wapi?" Hatukuwa nayo. Katika faili za shule hakukuwa hata na mstari mmoja unaosema kwamba shule ilinunua sweta kwetu.

Kilichotuokoa ni daftari. Mama mmoja wa kikundi, siku ya kupeleka mzigo, alimwomba mtunza stoo aandike idadi ya sweta na kutia sahihi. Sisi wengine tulimcheka, eti anasumbua watu. Lakini ukurasa huo mmoja ndio uliopelekwa mbele ya bodi ya shule, na baada ya miezi 14 tulilipwa. Kufikia wakati huo wanachama wawili walikuwa wameondoka kwa hasira, na mmoja alikuwa ameuza mbuzi kulipa mkopo wa uzi.

Tulipoketi kutafuta kosa lilikuwa wapi, tuliona kwamba halikuwa siku ya kudai. Lilikuwa siku ya kupokea kazi. Siku hiyo ndiyo tulipokosa kuuliza, kuandika na kupanga. Na hilo ndilo tunalotaka kila kikundi kishike leo: malipo ya wakati hupangwa kabla ya kazi kuanza.

WAZEE WETU WALIJUA HAYA

Wengine husema kwamba kuandikiana ni kukosa kuaminiana, ni tabia ya mjini. Hebu tukumbuke egesangio. Majirani walilima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Hakuna aliyelima bila kujua siku yake itafika lini. Zamu ilijulikana na kila mtu. Aliyekosa kwenda kwa mwenzake alijua kwamba shamba lake naye litabaki na magugu.

Hiyo haikuwa kukosa kuaminiana. Ilikuwa njia ya kulinda uaminifu. Siku ilijulikana, kazi ilijulikana, mashahidi walikuwepo. Leo tunafanya kazi na watu wa mbali, wengine hatuwajui hata jina la baba. Mashahidi hawapo, kwa hiyo karatasi inachukua nafasi yao.

HESABU YA KUCHELEWA

Watu wengi hufikiri kwamba pesa ikichelewa lakini ikafika, hakuna hasara. Sivyo. Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme kikundi cha watu 12 kinapata oda ya sweta 60, kila moja shilingi 900. Jumla ni shilingi 54,000. Uzi ni shilingi 36,000 na usafiri ni shilingi 2,400. Ukitoa hizo, zinabaki shilingi 15,600 za jasho la wanachama.

Lakini uzi ulinunuliwa kwa mkopo wa kikundi, riba asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 3,600 kila mwezi. Sasa tazameni:

- Mteja akilipa baada ya mwezi 1, wanachama wanabaki na 12,000. Kila mtu anapata 1,000.
- Baada ya miezi 2, wanabaki na 8,400. Kila mtu 700.
- Baada ya miezi 3, wanabaki na 4,800. Kila mtu 400.
- Baada ya miezi 4, wanabaki na 1,200. Kila mtu 100.
- Baada ya miezi 5, hakuna kitu. Kikundi kina hasara ya 2,400.

Mwezi wa tano, kikundi kimemlipa mteja ili avae sweta. Kazi ni ileile, bei ni ileile, na pesa yote imefika. Kuchelewa peke yake kumekula jasho lote.

Sasa tuseme kikundi kilidai nusu kwanza, yaani shilingi 27,000. Pesa hiyo inanunua sehemu kubwa ya uzi, na mkopo unakuwa shilingi 9,000 tu. Riba ni shilingi 900 kwa mwezi. Hata mteja akichelewesha nusu ya pili kwa miezi 4, wanachama wanabaki na shilingi 12,000. Yaani kwa dipositi, kuchelewa kwa miezi minne kunauma sawa na kuchelewa kwa mwezi mmoja bila dipositi.

Fanyeni hesabu hii kwa kazi yenu wenyewe, iwe viti, matofali au vikapu. Mkiiona kwa macho, hamtaona haya tena kuomba dipositi.

MAMBO SITA YA KUKUBALIANA KABLA YA KUANZA

1. Ni nani anayelipa? Mara nyingi anayeagiza si anayelipa. Mwalimu anaagiza, shule inalipa. Kijana anaagiza, baba yake aliye Nairobi analipa. Pateni jina na simu ya mwenye kutoa pesa, na mzungumze naye mwenyewe kabla ya kununua hata msumari mmoja.

2. Ni kazi gani hasa? Andikeni idadi, vipimo, rangi na aina ya kitu. Wateja wengi hucheleweshea watu pesa kwa kusema, "Hii si ile niliyotaka." Mkiwa na sampuli moja aliyoikubali, iwekeni alama na mwihifadhi.

3. Ni bei gani, na ndani yake kuna nini? Usafiri ni wa nani? Mteja akiongeza kazi katikati, bei ya nyongeza iandikwe siku hiyohiyo. Msingoje mwisho.

4. Dipositi ni kiasi gani? Kwa kazi inayohitaji kununua vitu, ombeni angalau gharama ya vitu hivyo. Kwa kazi ndefu kama kujenga nyumba, gaweni malipo kwa hatua: msingi, ukuta, paa, kumalizia. Hatua moja ikilipwa, ndipo ya pili ianze.

5. Ni tarehe gani ya kumaliza kulipa? "Mwisho wa mwezi" si tarehe. "Nikipata" si tarehe. "Ijumaa tarehe 28" ni tarehe.

6. Pesa itapita wapi? Ni vizuri ipite katika akaunti ya benki au namba ya till ya kikundi, si katika simu ya mwanachama mmoja. Hapo hakuna atakayesema alilipa na mwingine aseme hakuona. Na kumbukeni: ujumbe wa M-Pesa ulio katika simu ya mteja si malipo. Malipo ni yale yaliyoingia kwenu. Mweka hazina aangalie salio kwanza, ndipo mzigo utoke.

MFANO WA KARATASI

Karatasi ya makubaliano haihitaji wakili. Ukurasa wa daftari unatosha, nakala mbili, kila upande ubaki na moja. Andikeni hivi:

"Leo tarehe ........ kikundi cha ........ kimekubaliana na ........ wa ........ kufanya kazi hii: ........ Bei yote ni shilingi ........ Dipositi ya shilingi ........ imelipwa leo. Baki ya shilingi ........ italipwa tarehe ........ kwa njia ya ........ Kazi itakuwa tayari tarehe ........ Dipositi isipolipwa, kazi haitaanza. Sahihi ya mteja ........ Sahihi ya mwenyekiti ........ Shahidi ........"

Siku ya kupeleka mzigo, andikeni karatasi ya pili: nini kimefika, kiasi gani, tarehe gani, nani amepokea. Apokeaye atie sahihi. Hii ndiyo karatasi iliyotuokoa sisi.

Kisha karatasi ya tatu, ankara, au invoisi kama wengi tunavyoiita. Ipelekeni siku hiyohiyo ya kukabidhi kazi. Wako mafundi wanaomaliza kazi mwezi wa tatu na kuandika invoisi mwezi wa tano, halafu wanalia kwamba wamecheleweshwa. Iwe na namba yake, jina la kikundi, kazi iliyofanywa, dipositi iliyolipwa, baki, tarehe ya mwisho ya kulipa na mahali pa kulipia.

Siku hizi kampuni na taasisi nyingi huomba ankara ya mfumo wa eTIMS wa mamlaka ya kodi, KRA, kabla ya kutoa pesa. Ulizeni jambo hili siku ya kupokea kazi. Usije ukaambiwa mwezi wa pili kwamba karatasi yako haifai.

JUA PESA YA MTEJA INATOKA WAPI

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Unaweza kuwa na karatasi nzuri, lakini tarehe uliyoandika ni siku ambayo mteja hana kitu. Kila mteja ana majira yake, kama mahindi.

Mkulima wa chai. Ukimjengea mkulima wa chai ng'ombe wake banda, jua kwamba pesa ya majani huja kila mwezi, ni kidogo, na ina wenyewe tayari: karo, duka, wachumaji. Bonasi kwa kawaida huja karibu na mwezi wa kumi. Kazi kubwa ipangwe ili malipo makubwa yaangukie hapo, na malipo madogo ya kila mwezi yatangulie. Lakini usikubali bonasi yote iwe ahadi yako peke yako. Mkulima huyo huenda ameiahidi kwa watu watano, na bonasi yenyewe hupanda na kushuka.

Shule. Pesa ya serikali kwa shule huja kwa mafungu, muhula kwa muhula, na mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo usianze kazi ya shule kwa maneno. Ombeni LPO, ile karatasi ya shule ya kuagiza bidhaa, iliyo na sahihi na muhuri. Mwalimu mkuu anaweza kuhamishwa kesho, lakini deni lililo katika karatasi ya shule ni la shule, na atakayekuja atalikuta. Tena mfahamuni mhasibu. Ulizeni kwa upole: cheki hutiwa sahihi siku gani? Invoisi iwe mezani kabla ya siku hiyo.

Serikali ya kaunti. Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na vikundi vinaweza kujiandikisha. Ni nafasi nzuri. Lakini madeni ya kaunti nyingi kwa wauzaji yamekuwa yakirundikana mwaka baada ya mwaka, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinayataja. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inasema malipo yaliyochelewa yalipiwe riba, isipokuwa mkataba useme vingine. Hata hivyo, riba ya kwenye karatasi hailipi karo. Ushauri wetu ni huu: msichukue kazi ya kaunti kubwa kuliko ile ambayo kikundi kinaweza kungojea malipo yake mwaka mzima bila kuvunjika. Na msiuze ng'ombe kutimiza tenda.

Wenye maduka ya mawe. Wachongaji wa Tabaka wanajua shida hii kuliko wengi. Mnunuzi kutoka Nairobi au Mombasa anachukua mzigo, anasema atatuma pesa akiuza. Hapo si kwamba amenunua. Amekufanya wewe uwe benki yake. Lakini tujue kwamba upo utaratibu mwingine. Shirika la biashara ya haki duniani, WFTO, lina kanuni kwa wanachama wake: mtengenezaji wa kazi za mikono akiomba, mnunuzi ampe malipo ya mbele ya angalau asilimia 50, bila riba. Kama wanunuzi wa Ulaya na Marekani wanaweza kutoa nusu kabla ya kuona kinyago, kwa nini mwenye duka wa Mombasa asitoe? Kuomba nusu si ukali. Ni kanuni inayojulikana katika biashara ya haki.

Mazishi na harusi. Vikundi vingi vya akina mama vina hema, viti na sufuria za kukodisha. Hapa kudai ni kugumu sana, maana utamdai vipi mtu aliyefiwa? Basi msimdai aliyefiwa. Makubaliano yafanywe na kamati ya mazishi, na mweka hazina wa kamati atie sahihi. Nusu ilipwe kabla hema haijapakiwa. Baki ilipwe siku kamati inapofunga hesabu, na mjumbe wenu awepo siku hiyo. Kamati ikishavunjika, deni halina mwenyewe. Na kama kikundi kinataka kumsaidia jirani maskini, semeni wazi kwamba huo ni msaada, uandikwe hivyo katika kitabu. Msaada uliotolewa kwa moyo hauleti chuki. Deni linalogeuka msaada bila kupenda ndilo linaloleta.

KUDAI BILA KUGOMBANA

Kudai si matusi. Mteja mwingine amesahau, mwingine anaona haya, mwingine anangoja aone kama mtanyamaza. Wote watatu wanahitaji kukumbushwa mapema.

Wiki moja kabla ya tarehe: tumeni ujumbe mfupi wa heshima. "Bwakire, mwalimu. Tunakukumbusha kwamba baki ya sweta, shilingi 27,000, ni Ijumaa tarehe 28. Asante kwa kutuamini." Wengi hulipa hapo.

Siku yenyewe: pigeni simu asubuhi, si jioni. Jioni pesa imeshagawanywa.

Siku ya tatu: mwulizeni swali linalohitaji jibu. Msiulize, "Utatulipa lini?" Ulizeni, "Mwalimu, kuna shida katika kazi yetu au ni pesa haijafika?" Kama shida ni kazi, rekebisheni. Kama ni pesa, ombeni sehemu yake leo na tarehe mpya ya iliyobaki, na tarehe hiyo aiandike mwenyewe, hata kwa ujumbe wa simu. Msifute ujumbe huo. Ni ushahidi.

Wiki ya pili: barua ya kikundi, yenye muhuri kama mnao, pamoja na nakala ya karatasi aliyotia sahihi. Barua iwe fupi na isiwe na vitisho.

Mwezi mmoja: viongozi wawili wamtembelee. Wasiende kumi. Watu kumi wakiingia boma la mtu, mjadala si deni tena, ni aibu yake, na atapigania heshima yake badala ya kulipa. Wala msimdai sokoni Daraja Mbili au kanisani mbele za watu. Ukimwaibisha mtu mbele ya watoto wake, huenda ukapata pesa, lakini umepoteza mteja na jirani.

Na jambo moja lisivunjwe: kazi mpya isianze kama ya zamani haijalipwa. Wako wateja wanaotoa oda ya pili ili kukunyamazisha kuhusu ya kwanza. Mjibuni kwa heshima: "Tuko tayari kabisa, mzee. Tumalize ile, tuanze hii."

Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kudai. Wakidai watatu, mteja atamwambia kila mmoja neno tofauti. Mtu huyo awe mpole, asiyesahau, na asiye na haya.

AKIKATAA KABISA

Kwanza jaribuni wazee wa kijiji au chifu. Mara nyingi mteja akijua kwamba karatasi itasomwa mbele ya wazee, hulipa. Lakini tujue mipaka. Chifu anaweza kupatanisha, si hakimu. Na polisi si wakusanyaji wa madeni. Ukimlipa mtu amtishe mdeni wako, kesho unaweza kuwa wewe ndiye mshtakiwa.

Pili, iko Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilitungwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, yakiwemo ya bidhaa zilizouzwa na kazi zilizofanywa. Taratibu zake ni nyepesi, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nendeni mahakama iliyo karibu nanyi, muulize karani madai kama yenu yanapelekwa wapi na ada ni kiasi gani. Bebeni zile karatasi tatu: makubaliano, karatasi ya kupokea mzigo, na invoisi.

Msingoje mno. Kwa kawaida dai la mkataba nchini Kenya likipita miaka sita, sheria haiwezi tena kukusaidia. Na kabla ya kwenda, fanyeni hesabu tena. Deni la shilingi 2,000 linaweza kula shilingi 3,000 za nauli. Madeni mengine ni ada ya kujifunza. Yaandikeni, mjue jina la mteja huyo, msonge mbele.

NA SISI JE?

Hatuwezi kumaliza somo bila kujiangalia wenyewe. Katika kazi ya mawe, mwanamume huchonga na mara nyingi mwanamke ndiye anayepiga msasa, mikono ikiwa ndani ya maji baridi tangu asubuhi. Mnunuzi akichelewa, ni nani anayelipwa mwisho? Ni huyo mama. Wakati mwingine hata mnunuzi akilipa, anaambiwa, "Ngoja kwanza." Yaani maneno yaleyale tunayoyachukia yakitoka kwa mwenye duka, tunayasema sisi kwa mke wa jirani.

Kitabu cha Walawi, sura ya 19, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, vinafundisha kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri wake, kwa sababu maskini anautegemea. Neno hilo halikuandikwa kwa matajiri tu. Kibarua anayetulimia, kijana wa bodaboda anayetubebea mzigo, mama wa msasa, wote ni wafanyakazi wetu. Dipositi ikifika, na wao wapate sehemu yao ya kwanza. Kikundi kinacholipa watu wake kwa wakati kinaweza kumtazama mteja machoni na kudai bila aibu.

Sisi, baada ya ile miezi 14, tuliandika kanuni mbili katika katiba ya kikundi chetu. Ya kwanza: hakuna uzi unaonunuliwa kabla ya karatasi na dipositi. Ya pili: anayefanya kazi hulipwa wiki ileile pesa inapoingia. Mwaka wa kwanza tulipoteza oda mbili kwa sababu ya kanuni ya kwanza. Iliuma. Lakini hatukuuza mbuzi mwingine. Na yule mama wa daftari? Ndiye mweka hazina wetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Andikeni madeni yote ambayo wateja hawajalipa. Kila moja lina umri wa miezi mingapi? Lina karatasi?
2. Chukueni kazi moja mliyofanya mwaka huu. Fanyeni hesabu ya kuchelewa kama tulivyofanya hapo juu. Kila mwanachama alibaki na kiasi gani hasa?
3. Wateja wenu wakubwa ni nani, na pesa yao huja majira gani?
4. Ni nani katika kikundi chenu anafaa kuwa mtu wa kudai? Kwa nini?
5. Kuna mtu yeyote ambaye sisi kama kikundi hatujamlipa? Tutamlipa tarehe gani?

Anzeni na swali la tano. Mkishalijibu, chukueni daftari jipya, mwandike juu yake: KAZI NA MALIPO. Mkutano wenu ujao usiishe kabla ukurasa wa kwanza haujajaa.